Ukifika Jamaica, fuata mtumbwi



Juma hili nimepokea barua ya kijana mmoja wa Tanga aliyepata kazi ya jikoni katika meli ya watalii. Meli yake, aeleza, hutia nanga Jamaica mara kwa mara, safari hii Falmouth, safari nyingine Ocho Rios. Wafanyakazi huruhusiwa kushuka kwa saa chache tu, kisha king'ora hulia na kila mtu hurudi kazini. "Shikamoo mzee," ameandika. "Kila nikishuka naishia kula kuku na chipsi ndani ya geti la bandari, kwa bei ya kuumiza. Niliwahi kukusikia ukisema kwamba umeizunguka pwani ya kisiwa kile. Niambie, mtu wa pwani kama mimi ale wapi?"

Marahaba, mwanangu. Swali lako ni fupi, lakini usidhani kuwa ni swali la tumbo peke yake. Kwenye kisiwa chochote kinachoishi kwa watalii, ukiuliza wapi pa kula umeuliza pia nani anayevua, nani anayepika, nani anayepata fedha, na nani anayeruhusiwa kukanyaga mchanga. Kwa hiyo nivumilie kidogo. Nitakuzungusha kisiwa kizima, kisha mwishoni nitakupa jibu la mtu mwenye saa tatu mkononi.

Kwanza ijue ramani. Jamaica ni kisiwa kirefu chembamba. Kutoka ncha ya mashariki hadi ya magharibi ni kama kilomita 235, na mahali kilipo kipana zaidi hakizidi sana kilomita 80. Katikati ni milima, na watu wengi na barabara kubwa vimejipanga pembeni. Kingston, mji mkuu, uko kusini. Hoteli kubwa ziko kaskazini na magharibi: Negril, Montego Bay, Falmouth, Ocho Rios. Mashariki kuna mvua nyingi, migomba na watalii wachache.

Kanuni yangu ya kwanza niliipata Port Royal. Hiki leo ni kijiji cha wavuvi kwenye ncha ya ulimi wa mchanga unaoifunga bandari ya Kingston. Ukitoka uwanja wa ndege unageuka upande usio wa mjini. Zamani palikuwa mji tajiri wa maharamia na wafanyabiashara. Tarehe 7 Juni 1692 tetemeko la ardhi lilizamisha sehemu kubwa ya mji huo baharini, na inakadiriwa kuwa watu wapatao 2,000 walikufa siku hiyo. Kilichobaki ni ngome, mitumbwi, na jioni za mwisho wa juma umati wa watu wa Kingston wanaokuja kula samaki.

Nilimwuliza dereva wangu ni mgahawa gani mzuri. Hakunitajia jina. Alinionyesha mitumbwi iliyopandishwa ufukweni, akasema kwa Patwa yake jambo nililolielewa hivi: tazama pale mtumbwi unaposhusha, kisha tembea hatua mia moja. Tangu siku hiyo sijatafuta bango wala taa za rangi. Nafuata mtumbwi.

Ukivuka upande wa pili wa bandari, magharibi mwa mji, unafika Hellshire. Kwa watu wa Kingston hapa ndipo penye samaki wa kukaanga. Vibanda vya mbao vimepangana, na mbele ya kila kibanda kuna sanduku la barafu lenye samaki. Unachagua mwenyewe, anapimwa kwenye mizani, unaambiwa bei, ndipo anaingia kwenye mafuta. Angalia neno hilo: bei kabla ya mafuta. Samaki huuzwa kwa uzito, na mgeni asiyeuliza mapema hana haki ya kulalamika baadaye.

Samaki akitoka humwagiwa siki iliyochemshwa na vitunguu, karoti na pilipili. Pilipili yenyewe ni ndugu wa pilipili mbuzi wetu, tena ndugu mkali. Mtindo huo wanauita eskovichi. Jina limetoka kwa Wahispania, waliokitawala kisiwa kabla Waingereza hawajakinyakua mwaka 1655. Wahispania nao walilipata kwa Waarabu, na Waarabu kwa Waajemi, ambao chakula chao cha siki kiliitwa sikbaj. Sikio la Mswahili halihitaji mkalimani hapo.

Pembeni ya samaki huwekwa vitu viwili. Cha kwanza ni festivali, andazi refu la unga wa ngano na wa mahindi wenye sukari kidogo. Cha pili ni bami, mkate wa bapa wa muhogo. Muhogo hukunwa, hukamuliwa maji yake yenye sumu, huokwa, kisha mkate huloweshwa kwenye tui la nazi na kukaangwa. Bami ni urithi wa Wataino, wenyeji wa kisiwa kabla ya Christopher Columbus kufika mwaka 1494. Wataino waliangamizwa kwa maradhi na kazi za shuruti, lakini mkate wao upo. Na tukumbuke kwamba muhogo tunaouita wetu, tunaoutia nazi mwezi wa Ramadhani, asili yake ni upande ule wa bahari. Wareno ndio walioufikisha Afrika.

Sasa niseme jambo lisilopendeza. Ufukwe wa Hellshire umeliwa na bahari. Wenyeji walinionyesha maji mahali ambapo, walisema, watoto wao walicheza mpira. Vibanda kadhaa vimeondoka na mchanga. Kisa chake kinatuhusu hata sisi wa huku, kwa hiyo nakieleza hatua kwa hatua.

Mbele ya ufukwe kuna miamba ya matumbawe. Miamba hiyo ni ukuta: wimbi kubwa huvunjikia pale, likifika mchangani limekwisha nguvu. Vilevile ni nyumba ya samaki na kiwanda cha mchanga. Pono, yule samaki wa rangi nyingi mwenye mdomo kama wa kasuku, huguguna mwamba akitafuta majani ya baharini, na kinachotoka nyuma yake ni mchanga mweupe laini. Mtalii hulala juu ya kinyesi cha pono, akakilipia dola.

Ukuta huo Jamaica uliporomoka ndani ya miaka michache. Mwaka 1980 kimbunga Allen kiliivunjavunja miamba. Mwaka 1983 ugonjwa ukaingia na kuua karibu fuma wote weusi wenye miiba mirefu, wale waliokuwa wakila majani ya baharini na kuyazuia yasiifunike miamba. Kazi hiyo ingeweza kufanywa na samaki wala majani kama pono. Lakini samaki hao walikuwa wameshavuliwa karibu wote kwa miaka mingi, aghalabu kwa madema ya nyavu za waya zenye matundu madogo, yasiyomwacha hata mtoto wa samaki apite. Majani yakatawala. Mwaka 1994 mtaalamu Terence Hughes alichapisha hesabu ya maafa hayo: matumbawe hai, yaliyofunika zaidi ya asilimia 50 ya miamba aliyoichunguza mwishoni mwa miaka ya 1970, yalikuwa yamebaki chini ya asilimia 5.

Kwa hiyo ukiona samaki wa Jamaica ni mdogo na bei yake ni kubwa, usimlaumu mama anayekaanga. Naye ananunua kwa taabu, na mara nyingi samaki aliye kwenye barafu yake ametoka mbali kabisa na ufukwe wake.

Tuendelee na safari kuelekea magharibi kwa pwani ya kusini. Hapa pakavu, na hoteli ni chache. Old Harbour Bay, Alligator Pond na Treasure Beach ni vijiji vya wavuvi, na kanuni ya mtumbwi inafanya kazi vizuri katika vyote. Karibu na Black River mvuvi mmoja alijenga kibanda juu ya nguzo katikati ya bahari, kwenye fungu la mchanga, mbali na nchi kavu, akauza vinywaji na samaki kwa wanaokwenda kwa mashua. Kimbunga Ivan kilikizoa mwaka 2004. Akajenga tena. Kimbunga Beryl kikakizoa tena mwaka 2024. Ukiona vyaelea, vimeundwa, walisema wazee. Huyu bwana ameunda zaidi ya mara moja.

Ukiacha pwani kidogo na kuifuata barabara kuu unafika Middle Quarters. Kina mama husimama kando ya barabara na vifuko vya plastiki vyenye kamba wekundu wa mtoni, waliopikwa kwa chumvi na pilipili kali. Kamba hao wanavuliwa katika Mto Black na vijito vyake, kwa mitego iliyosukwa kwa mianzi. Nilipouona mtego mmoja karibu niseme kwa sauti, "Dema hilo!" Ufundi huo wa kusuka walikuja nao mababu zao kutoka Afrika ya Magharibi. Kula kamba hao palepale, kwa vidole, na uwe na maji karibu.

Hata hivyo, upande huu sina budi kuusimulia kwa tahadhari. Tarehe 28 Oktoba 2025 kimbunga Melissa kilitua kusini-magharibi mwa Jamaica, upepo ukienda kwa kasi ya kama kilomita 295 kwa saa. Ni miongoni mwa vimbunga vikali kuliko vyote vilivyowahi kupimwa katika Atlantiki. Mji wa Black River uliharibiwa vibaya mno, na wilaya za St Elizabeth na Westmoreland zilipoteza mapaa, mashamba na mashua. Ninayoyasimulia ya huko ni yale niliyoyakuta mimi kabla ya siku hiyo. Atakayepita sasa asitafute kibanda nilichokiona mimi. Amtafute mtu aliyesimamisha jiko lake upya, hata kama ni chini ya turubai, akae, ale na alipe. Hoteli kubwa ina bima. Mama wa kamba bima yake ni wewe mpita njia.

Sasa tunapinda Negril na kuingia pwani ya kaskazini, pwani ya hoteli. Hapa utaratibu ni mwingine. Mgeni hulipia kila kitu kabla hajaondoka kwao: kitanda, chakula, kinywaji na mchezo. Mtindo huu ulishika mizizi Jamaica miaka ya 1970 na 1980. Hoteli ya kwanza ya Sandals ilifunguliwa Montego Bay mwaka 1981. Nami nililala usiku mmoja katika hoteli ya namna hiyo, jina nalihifadhi. Chakula kilikuwa kingi na kisafi. Lakini asubuhi nilikuta mezani maembe ya kopo, ilhali nje ya ukuta maembe yalikuwa yakioza chini ya miti. Nilipoomba kutoka kwenda kununua samaki barabarani, mlinzi, kijana mwenye adabu zake, alinisihi nisiende, eti nje si salama. Nikatoka. Nilikutana na bibi mwenye meza ya machungwa, akanimenyea moja na kunipa heri ya asubuhi.

Sisemi hakuna wezi Jamaica. Wapo, kama walivyopo kwetu, na mgeni asitembee usiku mahali asipopajua. Nasema kwamba hofu nayo ina biashara yake. Mgeni asiyetoka hatumii fedha nje, na mama lishe aliye mita mia mbili kutoka ukutani hapati senti yake.

Kuna na suala la mchanga wenyewe. Wengi hudhani ufukwe ni wa kila mtu. Jamaica sheria ya fukwe ilitungwa mwaka 1956, enzi za Waingereza, miaka sita kabla ya uhuru. Sheria hiyo iliweka ufuo unaofunikwa na maji kupwa na kujaa, pamoja na sakafu ya bahari, mikononi mwa Taji, na haikumpa mwananchi wa kawaida haki ya jumla ya kwenda kuoga baharini. Nchi ikapata uhuru mwaka 1962, sheria ikabaki. Ndiyo maana ukuta wa hoteli unaweza kushuka hadi majini, na mtoto aliyezaliwa kilomita moja kutoka baharini akaiona bahari kwenye kalenda. Katika miaka ya karibuni wananchi wa sehemu mbalimbali wamekwenda mahakamani kudai njia ambazo bibi na babu zao walizipita kwenda pwani. Jiko la samaki linahitaji mtumbwi, na mtumbwi unahitaji mahali pa kupandishwa. Ukiufunga ufukwe, umelizima jiko.

Basi tufike Falmouth, anaposhuka kijana wetu. Gati la meli kubwa lilifunguliwa mwaka 2011, na ndani ya uzio wake kuna maduka na migahawa ya kumtosha mgeni asiyetaka kutoka. Nje ya uzio kuna mji wa zamani wa biashara ya sukari, wenye majengo ya karne ya 18 na 19, soko, na vijimgahawa ambavyo sisi tungeviita vya mama lishe. Ukifika asubuhi, hapo ndipo pa kwenda. Omba chakula ambacho taifa zima limekubali kuwa ni chake: aki na samaki wa chumvi.

Aki ni tunda lenye ganda jekundu na nyama ya rangi ya siagi, ambayo ikipikwa hufanana na mayai ya kuvuruga. Mti wake umetoka Afrika ya Magharibi. Ulifika Jamaica karne ya 18, katika zama za meli za watumwa. Lina sumu likiwa bichi. Ni lazima lisubiriwe lifunguke lenyewe mtini, kisha litolewe mbegu na lichemshwe. Marekani ililipiga marufuku kuingia nchini mwake mwaka 1973, na haikuruhusu hadi mwaka 2000. Mpishi wa Jamaica analijua somo hilo tangu utotoni, kwa hiyo kula kwa mpishi, usichume mwenyewe.

Na samaki wa chumvi? Kisiwa kilichozungukwa na bahari kinakula samaki wa Atlantiki ya Kaskazini, kwenye baridi kali! Hii nayo ni historia ya utumwa. Mabwana wa mashamba ya miwa hawakutaka mtumwa aache shamba aende kuvua. Waliagiza samaki aliyekaushwa kwa chumvi kutoka pwani za Kanada na New England, mara nyingi yule wa daraja la chini asiyenunuliwa Ulaya, na meli zikarudi na sukari, ramu na asali ya miwa. Chakula cha dharau kikapata mpishi hodari, kikawa fahari. Sisi tunaokula ng'onda hatuna haja ya kufundishwa utamu wake.

Kando ya sahani utaona majani ya kijani wanayoyaita kalalu. Usishangae: ni mchicha. Na utaona kipande cha shelisheli kilichochomwa kwenye moto. Hilo nalo lina kisa. Miaka ya 1780 vimbunga na kukatika kwa biashara na Marekani vilileta njaa, na maelfu ya watumwa wakafa Jamaica. Wenye mashamba wakaiomba serikali yao chakula cha bei rahisi. Nahodha William Bligh akatumwa Tahiti kuchukua miche ya mshelisheli. Safari ya kwanza mabaharia wake waliasi, mwaka 1789, wakamshusha katika mashua na kuitupa miche baharini. Safari ya pili alifaulu, na mwaka 1793 akaifikisha Jamaica. Watumwa kwa miaka mingi hawakulipenda tunda lile la kulazimishwa. Leo mtu wa Jamaica aliye ughaibuni hulilia shelisheli la kuchoma kama Mpemba anavyolilia lake.

Kutoka Falmouth tukielekea mashariki tunaipita Ocho Rios na kufika Oracabessa. Hapa nilipata matumaini. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 wavuvi wa hapo walikubali sehemu ya ghuba yao ifungwe isivuliwe, na baadhi yao wakawa ndio walinzi. Mtu mwenye watoto wa kulisha anapokubali kuacha kuvua mbele ya nyumba yake, si jambo dogo. Baada ya miaka michache vipimo vilionyesha kuwa samaki ndani ya hifadhi wameongezeka sana, na samaki wakijaa ndani hufurika nje, kwenye mitego ya haohao wavuvi.

Mlaji naye ana sehemu yake. Ukiwa Jamaica mwache pono, hata akiwa mtamu. Agiza nguru au jodari, wanaotoka bahari kuu. Kambakoche usimguse kati ya tarehe 1 Aprili na 30 Juni, kwani ni msimu wake wa kuzaa na sheria inamkataza mvuvi kumtoa; anayekuuzia miezi hiyo anakuuzia kosa. Na ukibahatika, uliza kama kuna samaki simba, yule mwenye mistari na miiba mirefu ya sumu. Huyu ni mtu wa kwetu, wa Bahari ya Hindi na Pasifiki. Aliingia Atlantiki kwa mikono ya wanadamu, na huko hana adui. Anakula watoto wa samaki wengine bila kizuizi. Sumu iko kwenye miiba tu. Nyama yake ni nyeupe na safi. Kila unayemla umeisaidia miamba.

Mwisho wa safari ni mashariki, wilaya ya Portland, kijiji cha Boston Bay. Hapa ndipo penye jeki, na siyo ile ya kuinulia gari. Ni nyama iliyopakwa viungo na kuchomwa polepole juu ya magogo mabichi ya mpimento. Tunda la mti huo ni dogo kama pilipili manga, lakini hunukia karafuu, mdalasini na kungumanga kwa pamoja. Moshi wake ndio nusu ya ladha.

Ufundi huu unatokana na Wamaroon, Waafrika waliotoroka utumwa na kujichimbia milimani. Waliwinda nguruwe mwitu, wakaihifadhi nyama kwa chumvi, pilipili na moshi, kwa njia ambazo kwa sehemu walijifunza kwa Wataino. Majeshi ya Waingereza yalishindwa kuwatoa, hata mwaka 1739 na 1740 wakalazimika kutiliana nao mikataba. Milima ya Portland ndiko alikopigana Nanny, ambaye leo ni shujaa wa taifa na picha yake imewekwa kwenye noti. Kwa hiyo unapokula jeki, unakula posho ya jeshi ambalo halikushindwa.

Kwa Mwislamu, hapa pana tahadhari: asili ya jeki ni nguruwe, na ingawa kuku wapo, mara nyingi huchomwa juu ya magogo yaleyale. Uliza, na ukiwa na shaka, acha. Kimbilio lako ni samaki, au jiko la Warasta, ambao wengi wao hawagusi nyama kabisa. Chakula chao hukiita aitali: mbogamboga, maharage, viazi na tui la nazi, mara nyingi bila chumvi. Mtu wa Tanga atakipata kinywani mwake kama kitu anachokijua.

Sasa, mwanangu, jibu lako. Ukishuka Falmouth asubuhi, toka nje ya geti, tembea hadi mjini, kaa pale unapoona wafanyakazi wa soko wamekaa, ule aki na samaki wa chumvi. Ukishuka Jumamosi, uliza supu, kwani Jumamosi Jamaica nzima hunywa supu. Jumapili uliza wali wa maharage uliopikwa kwa tui. Utadhani mama yako yuko nyuma ya pazia. Ukishuka Ocho Rios na una saa nne, panda teksi ya kuchangia yenye kibao chekundu cha namba, kama wanavyopanda wenyeji, uende Oracabessa ule samaki, ukiangalia saa yako wakati wa kurudi. Uliza bei kabla ya mafuta. Salimu kabla ya kuuliza, maana mtu wa Jamaica asiposalimiwa hununa, kama sisi.

Nawe unayetusikiliza uko Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, na hutarajii kufika Jamaica, usidhani mazungumzo haya hayakuhusu. Pono wetu nao wanaguguna miamba, na miamba yetu imepigwa kwa baruti na kwa makokoro yenye macho madogo. Kuta nazo zinashuka kuelekea majini. Jamaica imetutangulia katika njia hii kwa miaka kadhaa, nasi tunaweza kuusoma mwisho wake kabla hatujafika. Kesho ukipita pwani, tazama kama mtumbwi bado una mahali pa kupandishwa. Kama upo, nunua samaki hapo.

Hadi juma lijalo, kwaheri ya kuonana.